Nilinyamaza kwa Jina la Nyangeta

Mpendwa mama,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe ungelijua kabla sijavua viatu. Ungenitazama pale mlangoni, ungesema, "Weka mkoba, kaa," na usingeniuliza kitu mpaka sahani iwe tupu. Tangu uondoke watu wananiuliza kwanza, chakula kinakuja baadaye.

Wanachouliza ni kimoja tu. Dirisha la maombi ya vyuo liko wazi, mama, na wiki hii linafungwa. Nimeshajaza jina, namba za mitihani na anwani ya baba. Nimeweka ile picha yenye kitambaa cha bluu nyuma, uliyosema nimetoka kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Imebaki sehemu moja: ninataka kusoma nini. Hapo mkono unakataa. Boti ya mwisho ikishaondoka nabaki ofisini mbele ya kompyuta, naitazama ile nafasi iliyo wazi, naandika kozi hii, nafuta, naandika ile, nafuta, halafu nazima mashine na kurudi nyumbani Makoko kwa miguu nimechoka kama mtu aliyeshinda akibeba magunia.

Nakuandikia hadharani, jambo ambalo usingelipenda, wewe uliyekuwa ukifunga mlango hata tukibishana kuhusu chumvi. Nisamehe. Barua ya siri ningeichana kabla ya kuimaliza. Na nadhani wapo wengine wenye nafasi tupu mbele yao wiki hii, wanaodhani ni wao peke yao.

Wewe unajua ilivyoanza. Kila Krismasi tulipokwenda Butiama kwa Shangazi Wegesa, dada mkubwa wa baba, ilikuwa lazima asimulie jinsi nilivyopata jina. Kwetu mtoto mchanga akilia bila kutulia, wakubwa humtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na lile atakalolinyamazia ndilo lake. Mwenye jina amemtaka.

"Huyu alilia," Shangazi angeanza, akininyooshea mwiko, "tangu ng'ombe wanatoka mpaka ng'ombe wanarudi. Tukasema labda ni Wakuru. Analia. Nyamburi. Analia, tena kwa hasira, kama mtu aliyetukanwa. Nikasema, jamani, mjaribuni na Nyangeta. Kimya. Akafumbua jicho moja akatuangalia. Si ndiyo, Mama Nyangeta?"

"Ndiyo, wifi," ungejibu, ukiendelea kupepeta mchele bila kuinua uso.

Na kwa kuwa Nyangeta wa kwanza, bibi aliyewalea Shangazi na baba, alikuwa mkunga ambaye nusu ya watu wa pale kijijini walianzia mikononi mwake, hesabu ya maisha yangu ilikuwa imeshakamilika kabla sijaota meno. Nikikata kucha vizuri, watu walisema ni mikono ya Nyangeta. Nikimfunga mbuzi mguu uliovunjika, ni Nyangeta. Mbuzi yule alichechemea mpaka alipochinjwa, lakini hilo hawakulisimulia.

Baba akaongeza la kwake. Unalikumbuka koti? Nilikuwa darasa la tano nilipowashinda wenzangu kwenye sayansi, naye akakata kitambaa cheupe kilichobaki kwenye suruali za wanakwaya, akanishonea koti dogo la daktari. Nililivaa kuchota maji. Nilipomaliza kidato cha sita akashona jingine, kubwa, lenye mfuko mrefu ubavuni, akalitundika kwenye msumari nyuma ya cherehani yake. Wateja wakiuliza bei anawaambia haliuzwi, lina mwenyewe. Mpaka leo liko pale. Nikimpelekea chakula cha mchana nakaa nimeligeuzia mgongo.

Mwaka jana nilikuwa na sababu. Majina yalipotoka, nilikuwa nimepata udaktari kwenye chuo kimoja na kozi nyingine kwenye chuo kingine, na nilitakiwa kuthibitisha mojawapo. Wewe ulikuwa umelazwa Bunda, mimi nikiwa kando ya kitanda chako, muda ukapita. Hakuna aliyenilaumu. Watu hata walinisifu. Walisema mtoto gani siku hizi anaacha chuo akauguze. Nami nilinyamaza, kwa sababu simu ilikuwa mfukoni, chaji ilikuwepo, na kuthibitisha ni kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Ugonjwa wako ulinipa ruhusa ya kutochagua, mama. Nilikuombea upone, na palepale nilikuwa napumzika. Sijui kama mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, lakini yalikaa.

Ndipo nikapata hii kazi ya hapa bandarini Mwigobero. Ni chumba kimoja chenye dirisha linaloangalia ziwa, na mimi ni karani wa abiria na mizigo ya boti zinazokwenda vijiji vya ng'ambo. Naandika majina, naandika magunia, nagonga mhuri. Kazi yenyewe si ngumu. Ila mimi unanijua. Kila jina nalirudia kwa sauti, nauliza ukoo, nauliza jina la ndugu wa karibu, mpaka watu wanasonya. Kuna mbeba mizigo anaitwa Masatu, kila asubuhi ananitania.

"Dokta, andika vizuri. Ukikosea jina langu nikazama, watamlilia mtu mwingine."

"Usiseme hivyo, Masatu."

"Mimi nasema tu. Nisije nikaliwa ubwabwa wa msiba kwa jina la mtu."

Wenzake wanacheka. Mimi narudi kulikagua jina lake, ingawa hata hasafiri. Yeye hubeba mpaka kwenye boti na kushuka.

Na wananiita Dokta, si kwa ubaya. Baba alimwambia mwenye boti, mwenye boti akawaambia wengine. Hata mama mmoja aliwahi kuniletea mtoto mwenye upele pale dirishani, akiwa kwenye foleni ya tiketi. Nilimwambia aende zahanati. Akanitazama kana kwamba nimemnyima.

Kila mtu ana chuo changu kichwani mwake. Mwenye boti anasema nisome uhasibu, maana pesa haziishi kuhesabiwa. Mwalimu wangu wa zamani niliyekutana naye sokoni anasema kompyuta. Jirani yetu wa Makoko anasema ualimu, na mwanawe mwenye shahada ya ualimu anauza vifaa vya simu karibu na stendi, akisubiri ajira. Masatu anasema nisome urubani, nihame majini kabisa. Nikisikiliza wote, naona kila mmoja yuko sahihi. Nikilala, naona wote wamekosea. Wenzangu wanasema wanafuata ndoto zao. Mimi sikuwahi kuwa na ndoto, mama. Nilikuwa na alama nzuri. Nilidhani ni kitu kilekile.

Nirudi nyuma kidogo, Kiabakari, maana nadhani kila kitu kimeanzia pale.

Ilikuwa safari yetu ya kurudi kutoka Bunda, waliposema sasa tukakuuguzie nyumbani, na sote wawili tulielewa maana yake. Gari likapata pancha tulipofika Kiabakari. Abiria wakashuka, dereva akaanza kutafuta jeki ambayo haikuwepo. Nikakuketisha kwenye benchi la mama mmoja muuza chai, nikakufunika kitenge ingawa jua lilikuwa kali. Ulikuwa umekonda kiasi kwamba benchi halikuinama upande wako. Ulishika kikombe kwa mikono miwili, hukunywa, ulikuwa unajipasha tu.

Mbele yetu kulikuwa na msichana na kichanga chake. Kichanga kinalia. Muuza chai akasema, "Mjaribuni majina huyo," na watu wakacheka. Wewe pia ulicheka, mpaka ukakohoa. Nikakupigapiga mgongoni. Ulipopata pumzi ukasema, ukitazama barabara:

"Wewe hukunyamazia jina."

Sikuelewa.

"Ile siku ya kukuita. Ulikuwa na njaa. Nilikuwa nimeambiwa nisikunyonyeshe mpaka jina lipatikane, na wewe ulishalia mpaka sauti inakatika. Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Sijalala. Nikaingiza titi chini ya kitenge wakiwa wanabishana. Ndio hapo wifi akataja Nyangeta."

"Kwa hiyo halikuwa jina?"

"Lilikuwa titi."

Nilikutazama. Ulikuwa unatabasamu kama mtoto aliyekula sukari ya wageni.

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Walishapiga vigelegele. Baba yako alishaanza kuchuna mbuzi. Na mimi nilikuwa nataka kulala tu." Ukakizungusha kikombe mkononi. "Nikajua litaisha lenyewe. Kumbe linakua na wewe. Likaenda shule na wewe. Likashonewa na koti."

"Sasa mimi nisome nini, mama?"

"Niliishia darasa la saba, unaniuliza mimi?"

Nilidhani umemaliza. Dereva alikuwa ameshapata jeki ya kuazima, watu wanamuelekeza kila mmoja kwa lake. Ukaniwekea kikombe mkononi, chai imepoa, ukasema: "Kila kazi inachoshaga. Nililima nikachoka, nimeuza udaga wa muhogo nikachoka. Wewe tafuta ile utakayochoka nayo leo, halafu kesho ukiamka uiulizie. Ya kuchoka nayo ukaamka umeichukia, achana nayo hata kama ina koti."

Kisha ukasema una usingizi. Tukapanda gari, ukalala begani kwangu mpaka Musoma.

Sitasimulia siku zilizofuata. Uliziishi na wewe.

Ninachotaka ujue ni kwamba kuna siku nilikukasirikia. Ulinifungua kamba ukaondoka. Kabla ya Kiabakari nilikuwa naogopa udaktari, lakini nilikuwa na mahali pa kuelekea. Nilikuwa naweza kusema nimeitwa. Baada ya Kiabakari, hakuna aliyeniita. Nilikuwa mtoto mwenye njaa, basi. Ukimuuliza mtoto mwenye njaa anataka kuwa nani, atakujibu nini? Kule hospitali nilimwangalia yule daktari kijana alivyokaa kwenye ukingo wa kitanda chako akakuambia ukweli bila kukwepa macho yako. Nilimheshimu. Nikajiuliza kama naweza kuwa yeye. Kilichonijia hakikuwa hofu ya damu wala ya kukosa usingizi. Niliona tu kwamba nitakaa mahali pale kila asubuhi nikisubiri mwenye nafasi aje aniambie niondoke.

Tangu hapo nimekuwa nikichukua lile neno lako na kulipima kwenye kila kitu, kama mtu anayejaribu ufunguo mmoja kwenye milango yote. Ukarani wenyewe nilishaupima. Nachoka nao, na kesho yake siuulizii.

Kisha zikaja mvua.

Upande wa pili wa dirisha langu kuna Mama Neema, anakausha dagaa. Humjui, alihamia hapa baada yako. Ni mnene, mcheshi, anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya kwanza na kuzikatisha kufukuza kunguru. Mvua za mwaka huu zilimkuta dagaa wakiwa wameanikwa. Alipokuja dirishani kwangu hakuwa anaimba. Aliweka viganja viwili vya dagaa juu ya meza yangu, kwenye karatasi safi.

"Dokta, nusa."

"Mama Neema, hapa ni ofisini."

"Nusa kwanza, ofisi baadaye."

Nikanusa. Kiganja kimoja kilikuwa kinanuka kuoza, kingine kilikuwa sawa, kina harufu ya dagaa tu.

"Wametoka kwenye mtumbwi mmoja," akasema. "Wamenyeshewa siku moja. Hawa walikuwa mchangani, hawa walikuwa juu ya chanja, lakini mvua si iliwanyeshea wote? Mbona hawa wameoza na hawa wamegoma? Si umesoma wewe? Nambie."

Sikujua. Nilimwambia labda ni hewa inayopita chini ya chanja. Akasema na wa chanja ya jirani je, mbona wameoza? Sikujua hilo pia. Tulisimama pale tunatazamana, yeye na kilemba chake kinachodondosha maji, mimi na mhuri mkononi, wote hatujui. Abiria wakaanza kulalamika.

Siku hiyo nilitafuta kwenye simu, nikapata majibu nusunusu. Kesho yake niliwahi kazini, nikapita kwake kabla ya kufungua ofisi. Nikamwomba dagaa kidogo. Wengine tuliwatia chumvi, wengine hapana, wengine tukawaweka juu kabisa ya paa la mabati. Masatu akasema Dokta sasa amepata wagonjwa wa saizi yake. Wale wa bati waliungua, wakawa kama misumari. Wale wa chumvi walikaa vizuri, lakini Mama Neema akasema hakuna atakayewanunua, wateja wake hawataki dagaa wa chumvi. Ikabidi tufikirie upya, tukaweka wengine kwenye chanja ya juu na wengine kwenye chanja ya chini. Niligundua kwamba boti imeondoka na sikuwa nimerudia kwa sauti jina la abiria hata mmoja. Niliogopa, nikakimbilia kuhakikisha majina, nikakuta yote yako sawa.

Jioni nilirudi nyumbani nimechoka sana, nanuka dagaa, baba akahamia mwisho wa meza. Asubuhi nilipofumbua macho, kabla sijakumbuka kwamba umekufa, na unajua huwa ndilo jambo la kwanza, niliuliza moyoni: wale wa chanja ya chini wameamkaje?

Nilikaa kitandani kwa muda. Kisha nikakumbuka udaga wako.

Nilikuwa mdogo, tuko Butiama, umemenya mihogo, umeianika kidogo, umeirundika na kuifunika kwa magunia kwenye kona ya jiko. Siku ulipofunua, mihogo ilikuwa na ukungu mweusi na wa kijani, kama vitu vilivyofukuliwa. Mimi nikalia, nikasema chakula kimeoza. Ukasema, "Tumeuozesha makusudi." Ukakwangua ukungu, ukaivunja vipande, tukaenda kuianika juu ya mwamba. Nilikufuata nyuma nikiuliza. Kwa nini muhogo ukioza tunaula, na samaki akioza tunamtupa? Muhogo unajuaje pa kuishia? Ukungu ukizidi siku moja je? Uliniambia nimuulize mwalimu. Mwalimu alicheka na darasa zima likacheka. Nikarudi kwako, ukasema, "Basi kaa na swali lako. Siku moja utapata wa kumuuliza." Halafu ukanituma kufukuza mbuzi kwenye mwamba.

Nimekaa nalo, mama. Sikujua kama bado ninalo.

Ipo kozi ya mambo hayo. Sayansi ya chakula. Nilikuwa nimeipita mara nyingi kwenye orodha nikitafuta kitu kikubwa zaidi.

Lakini nisingeweza kuiandika bila kwenda kwa Shangazi. Jumamosi nikaomba ruhusa, nikaenda Butiama. Nilikuwa nimeamua kumwambia yote, hata lile la Kiabakari. Njiani nilijaribu maneno yangu mara nyingi mpaka mama aliyekaa jirani yangu akaniuliza kama nasali.

Nilimkuta Shangazi amekaa mwambani amenyoosha miguu, anageuza mihogo. Magoti yamevimba. Nikamwamkia, nikakaa, nikachukua kisu kumsaidia kukwangua. Aliniuliza habari za baba, za kazi, za ziwa, kisha akauliza, "Na udaktari unaanza lini?"

"Shangazi, kuna kitu mama aliniambia kabla hajafa."

"La titi?"

Kisu kikasimama.

"Unanitolea macho ya nini? Mimi si ndiye nilikuwa nimekaa naye? Kitenge chenyewe kilikuwa changu."

"Ulijua?"

"Mtoto aliyelia siku nzima ghafla ananyamaza, na kitenge kinacheza. Mimi nimezaa saba, nisijue?" Akageuza kipande cha muhogo, akakipuliza. "Mama yako alijua hatukuona. Maskini, alikuwa amechoka. Na sisi tulikuwa tumechoka. Wenzangu walikuwa wanakwenda kutaja Mugoli, na huyo Mugoli alikuwaga mchonganishi. Nilipoona umeshika titi, nikawahi. Nikataja bibi yangu."

Mama, niliposikia hivyo nilicheka mpaka nikalia. Miaka yote ile ulikuwa unapepeta mchele huku umeinamisha uso ili wifi yako asikusome, na yeye anasimulia kwa sauti kubwa ili wewe usimshuku. Mlidanganyana kwa heshima kubwa.

"Lakini Shangazi, mbona mlisema nimeitwa? Mbona mliniacha nisome kote huko kwa ajili ya jina?"

 Alisugua goti.

"Mimi nilitaka jina la bibi yangu lisipotee. Alinilea, hakuwa na picha hata moja. Nilitaka niwe naliita, mtu anaitika. Basi. Udaktari mliuongeza nyie, wewe na alama zako na baba yako na koti lake." Kisha, kwa sauti ya chini: "Nisikudanganye. Nilifurahia. Nikawa nasema, nikizeeka nitakuwa na daktari wa kwangu, sitapanga foleni."

Nilimwambia kuhusu sayansi ya chakula. Nilieleza vibaya, kwa maneno mengi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani unakwenda chuo kikuu kusomea udaga."

"Na udaga, Shangazi."

"Unatuaibisha." Akanitupia kipande cha muhogo begani. "Haya, huu umeiva au haujaiva?"

Nikaunusa. Nikasema bado kidogo. Akauchukua, akaunusa mwenyewe, akaurudisha chini ya gunia.

Nilipoanza barua hii ile nafasi ilikuwa bado tupu na koti liko kwenye msumari: baba ndiye aliyebaki, na baba ndiye niliyemwogopa zaidi, kwa kuwa yeye hakudanganya mtu. Aliamini tu. Nilimfuata kibandani kwake Jumatatu mchana, sufuria mkononi. Sikugeuza mgongo safari hii. Nilikaa nikitazamana na koti.

"Baba, sitajaza udaktari."

Cherehani ikasimama. Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Ni ada?"

"Si ada."

"Unaogopa?"

"Naogopa kila kitu, baba, unanijua. Lakini si hilo."

Nikamweleza, safari hii kwa maneno machache. Jambo la titi sikumwambia. Atalisoma hapa, kama wewe umekubali. Alisikiliza akiwa ameshika pindo la suruali ya mtu. Uso wake ulikuwa kama siku ile tuliyorudi kutoka makaburini bila wewe. Nilitaka kusema basi, naacha, nitajaza unachotaka. Neno lilikuwa kwenye ulimi.

"Hao watu," akasema mwishowe, "wanafanyiaga kazi wapi? Jikoni?"

"Maabara. Wengine viwandani."

"Wanavaa nini?"

"Koti jeupe."

Akaliangalia koti kwa muda mrefu. Hakutabasamu. Alisema suruali ile inasubiriwa, akarudi kushona. Jioni hakula. Nami sikula, tukalala kila mtu na njaa yake.

Asubuhi nilikuta koti limekunjwa juu ya kiti changu. Ule mfuko mrefu wa ubavuni, alioukatia kile kipimo ambacho madaktari hutundika shingoni, ulikuwa umefumuliwa na kushonwa upya, mfupi, wa kalamu. Kushona kwake pale hakukunyooka. Baba hajawahi kushona vibaya maisha yake yote. Alikuwa ameshatoka. Nasikia wateja bado anawaambia koti lilikuwa la Dokta, na Dokta amelichukua. Nimemwacha aseme.

Leo nimejaza ile nafasi. Chaguo la kwanza, la pili na la tatu, vyuo tofauti, kozi ileile. Nimekagua herufi kwa herufi kama majina ya abiria, nimetuma. Sijui kama nitapata. Sijui kama kuna ajira. Inawezekana miaka michache ijayo nitakuwa nimesimama stendi nauza vifaa vya simu na yule mtoto wa jirani. Uoga haujaondoka, mama. Umehama tu, umekaa mahali ambapo naweza kuuona.

Na bado nimechoka. Ila nimemwahidi Mama Neema nitapita kesho asubuhi. Ameinua chanja zake, ameziweka mbalimbali, na jana mvua ilinyesha tena.

Lala salama, mama. Lala ule usingizi uliokuwa unautaka siku ile, hakuna atakayekuamsha kutafuta jina. Nalipenda jina langu. Shangazi akiliita, naitika.

Ni mimi binti yako Nyangeta,
yule aliyekuwa na njaa tu.